Kiti cha Askofu na Kilima cha Pugu

Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, tulikuwa Gongo la Mboto tukiwasikiliza wazee wa jumuiya wakizungumza juu ya mchango wa jimbo. Mama mmoja akasimama, mtu mzima, mshiriki wa sala za kila juma, akasema: "Baba zetu, lile kanisa la bandarini lina wenyewe. Sisi hapa twajenga la kwetu kwa tofali moja moja. Ya nini tena kulichangia jumba la Askofu, nasi hata mlango wake hatujapata kuuona?" Watu wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza, kama wanyamazavyo watu mmoja wao akisema lililokuwa moyoni mwa wote.

Katekista alimjibu kwa amri za Kanisa, ya kuwa kila Mkristu yampasa kulitegemeza Kanisa kwa zaka. Alijibu sawa, wala hatuna la kumpunguzia. Lakini tuliona usoni mwa yule mama ya kuwa jibu limefika masikioni na moyoni halikuingia. Nasi twamwelewa. Hakuuliza kwa ubishi wala kwa ubahili. Aliuliza kama mtu aulizavyo habari za nyumba ambayo aambiwa ni ya baba yake, naye hakuzaliwa humo wala hajapata kulala humo.

Basi leo twataka kumjibu kwa njia nyingine, yaani kwa kumsimulia habari za nyumba hiyo. Nanyi mnaosoma gazeti hili huko Bukoba, Songea au Sumbawanga msifunue ukurasa mkatuacha, mkidhani mambo haya ni ya watu wa Dar es Salaam tu. Kila jimbo lina kiti cha Askofu, na kila jimbo lina pembe yake ambako watu husema maneno kama ya mama huyu.

Asiyepajua Gongo la Mboto na afuatane nasi. Ukitoka bandarini Dar es Salaam washika barabara ambayo zamani iliitwa Barabara ya Pugu, na leo yaitwa Barabara ya Nyerere. Wapita viwanda, wapita uwanja wa ndege, wapita Ukonga penye gereza, ndipo unapofika Gongo la Mboto, mahali pa nyumba nyingi zilizokaribiana, soko, vituo vya mabasi na watoto wengi kuliko viti vya shule. Mbele kidogo nchi yaanza kuinuka, miti yaongezeka, na hewa yabadilika. Hivyo ndivyo vilima vya Pugu, yapata kilometa 20 toka baharini. Mama yetu wa Gongo la Mboto aweza kuviona akienda shughuli zake. Nasi twasema ya kuwa habari za kanisa kuu la bandarini, na za nyumba ya Askofu iliyo ubavuni mwake, zilianzia huko juu nyuma ya nyumba yake, wala hazikuanzia bandarini.

Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kufika Bagamoyo na kuanza kazi ya Injili katika bara letu. Sehemu za kusini zilikuwa bado. Tarehe 16 Novemba 1887 Roma ilianzisha Prefektura ya Kitume ya Zanzibar ya Kusini, ikawapa Wabenediktini Wamisionari wa Mtakatifu Otilia, shirika changa la huko Bavaria, lililokuwa halijatimiza hata miaka minne tangu lianzishwe na Padre Andreas Amrhein. Wamisionari hao wa kwanza, wakiongozwa na Padre Bonifatius Fleschutz, walifika kwetu mwanzoni mwa mwaka 1888. Walikuwamo mabruda mafundi, na walikuwamo masista. Hawakujenga kao lao mjini. Walipanda Pugu, wakakata miti, wakaanza kulima na kujenga.

Ni vema tusimame hapa kidogo, maana twapenda mno kuanza habari za Kanisa kwenye minara. Padre yule hakuwa na kanisa kuu wala kiti cha uaskofu, kwa kuwa hakuwa askofu. Alichokuwa nacho ni vibanda kilimani, homa, na watu wachache waliokuja kuangalia wageni hawa wanataka nini.

Katika wachache hao walikuwamo watumwa waliopata uhuru. Siku zile manowari za Wadachi zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa baharini, na waliookolewa walikabidhiwa misioni, wengine misioni ya Waprotestanti Dar es Salaam, na wengine Pugu. Tendo hilo lilikuwa la huruma. Lakini lilifanywa katika nchi iliyokwisha kuwaka moto, maana mwezi wa Agosti 1888 Kampuni ya Wadachi ya Afrika ya Mashariki ilikuwa imepandisha bendera zake katika miji ya pwani na kushika forodha, bila ya heshima kwa wenye nchi. Pwani yote ikaondoka kwa vita. Kiongozi aliyejulikana kuliko wote alikuwa Abushiri bin Salim wa Pangani.

Tarehe 13 Januari 1889, nayo ilikuwa Jumapili, misioni ya Pugu ilishambuliwa. Bruda Petrus Michl, Bruda Benedikt Kantwerg na Sista Martha Wansing waliuawa. Wengine walichukuliwa mateka, miongoni mwao Sista Benedicta Sievers, wakakaa mikononi mwa wapiganaji majuma kadhaa hata walipokombolewa kwa fedha. Nyumba zilichomwa. Kazi ya mwaka mmoja ikawa majivu.

Hapa twataka kusema kwa uangalifu, kwa kuwa Gongo la Mboto na Pugu ni mahali ambapo Mkristu na Mwislamu wachota maji kisima kimoja na kuzikana pamoja. Asitokee mtu akaifanya habari hii kuwa vita ya msikiti na kanisa. Katika vita hiyo hiyo misioni ya Bagamoyo haikuguswa, na maelfu ya watu walikimbilia kwa mapadre wa pale wakapata salama. Hasira ya watu wa pwani ilikuwa juu ya Kampuni na bendera yake, na ya wenye watumwa ilikuwa juu ya mali waliyoiona imenyang'anywa. Wabenediktini walikuwa wametoka katika nchi ya bendera ile, na wengi hawakuona sababu ya kuwatenga nayo. Wale watatu waliuawa wakiwa kazini mwa Injili, nasi twawaheshimu. Lakini kuwaheshimu hakutuzuii kusema ya kuwa waliuawa katika vita ambayo wenye nchi walikuwa na sababu zao za kuipigana. Abushiri mwenyewe alinyongwa na Wadachi huko Pangani mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Mtoto wa shule akituuliza ni nani aliyekuwa mwema na nani mbaya, tusimpe jibu jepesi. Na tusiwasahau wale watumwa waliopewa uhuru, ambao vitabu vyawataja kwa jumla tu, kama mzigo. Wao nao walikuwa nyumbani mwa Kanisa asubuhi ile.

Twasoma katika kitabu cha Mwanzo jinsi Abrahamu alivyoahidiwa nchi nzima na Mungu, akazunguka ndani yake miaka mingi akikaa hemani kama mgeni. Hata alipofiwa na Sara hakuwa na mahali pa kumzika. Ndipo alipokwenda kwa Efroni Mhiti, akapima shekeli 400 za fedha mbele ya watu wote, akanunua shamba la Makpela na pango lililokuwamo. Katika nchi yote ya ahadi, kipande cha kwanza kilichokuwa chake kwa haki kilikuwa kaburi. Kila tusomapo habari hiyo twaikumbuka Pugu. Kanisa la Dar es Salaam nalo lilikuwa limeweka wafu katika nchi hii kabla ya kuwa na kanisa kuu, kabla ya kuwa na askofu, kabla ya kuwa na nyumba ya askofu.

Baada ya hayo ndipo waliposhuka bandarini.

Mji wenyewe ulikuwa mchanga. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar ndiye aliyeanza kuujenga katika miaka ya 1860, akauita kwa jina la amani tunalolitumia hata leo. Kisha akafa mwaka 1870, na majumba yake yakabaki yamekaa nusu. Mojawapo ya nyumba za wakati huo ingali imesimama katika mtaa wa kanisa kuu. Baadaye ilikuwa mali ya Mapadre Weupe, ikaitwa Nyumba ya Atiman. Hatuwezi kuipita bila neno. Adrian Atiman alizaliwa upande wa Mto Niger, akaibwa angali mtoto na kuuzwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa uganga kule Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika. Hapo alikaa akiwatibu watu na kuwafundisha dini hata alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi. Hakuwa padre, wala hakuwa tajiri, naye alikuwa na mke kama ninyi. Twaona vema sana ya kuwa katika mtaa wa kanisa kuu, ambako wageni hutazama mnara wa Kizungu na kupiga picha, nyumba iliyo kongwe kuliko kanisa lenyewe yachukua jina la mtu aliyepata kuwa mtumwa. Na mwaka ule alioingia Karema ndio mwaka ule ule wa msiba wa Pugu.

Kanisa la Mtakatifu Yosefu lilianza kujengwa mwaka 1897, likakamilika mwaka 1902. Wabenediktini walilijenga kwa namna ya makanisa ya kwao, lenye matao yaliyochongoka, vioo vya rangi na mnara mrefu mwembamba. Msafiri wa Zanzibar ashukaye leo katika meli huuona mbele yake mara tu akanyagapo nchi kavu. Wengine hulalamika ya kuwa jengo lile ni la Kidachi mno. Pengine ni kweli. Lakini hata mwembe haukuwa mti wa kwetu; ulikuja kwa majahazi toka Bara Hindi, na leo hakuna aulizaye kwa nini twakaa kivulini pake.

Mwaka huo huo wa 1902 Roma iliipandisha Prefektura ikawa Vikarieti ya Kitume ya Dar es Salaam, na Padre Cassian Spiss, mzaliwa wa Tirol, akawekwa kuwa askofu wa kwanza. Huyu si mtu aliyelelewa karibu na viti vya enzi. Ndiye aliyeianzisha misioni ya Peramiho mwaka 1898, akajifunza Kingoni hata akakiandikia sarufi. Sasa alikuwa na kanisa kuu jipya, na kiti ndani yake, na nyumba ubavuni.

Mama yetu wa Gongo la Mboto na asikilize hapa. Askofu huyo wa kwanza hakutimiza miaka mitatu katika kiti hicho. Katikati ya mwaka 1905 alifunga safari ya kwenda kuwatembelea Wakristu wake wa kusini, naye akapita njia ya Kilwa kuelekea Liwale. Vita ya Maji Maji ilikuwa imeanza mwezi uliotangulia, kwa ajili ya kodi, na kilimo cha pamba cha kulazimishwa, na viboko. Tarehe 14 Agosti 1905, mkesha wa Kupalizwa Bikira Maria mbinguni, karibu na Liwale, Askofu Cassian aliuawa pamoja na Bruda Andreas Scholzen, Bruda Gabriel Sonntag, Sista Felicitas Hiltner na Sista Cordula Ebert. Watu waliowaua walikuwa wameonewa, na muda si muda wao wenyewe wakafa makumi kwa maelfu kwa risasi, na zaidi kwa njaa iliyoletwa na Wadachi kwa kuchoma mashamba na ghala. Hapo tena hatuna maneno mepesi.

Lakini lile neno "jumba la Askofu" lasikika namna nyingine sasa. Mtu wa kwanza aliyepewa nyumba ile kwa cheo cha uaskofu hakufia kitandani ndani yake. Alifia njiani, akiwaendea watu walioko mbali na bandari.

Waliomfuata twaweza kuwataja kwa haraka. Askofu Thomas Spreiter alishika toka 1906, naye aliona jimbo likigawanywa, Lindi ikikatwa mwaka 1913. Aliona pia vita kuu ikiingia mjini, maana Waingereza waliutwaa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916. Wadachi wakaondolewa, mapadre kwa mabruda, na makundi ya waamini yakabaki siku nyingi pasipo mchungaji, yakishikwa na makatekista. Wakapuchini wa Uswisi wakapokea kazi. Askofu Gabriel Zelger aliongoza toka 1923 hadi 1929, na baada yake Edgar Maranta, aliyekaa tangu 1930 hata 1968. Mikononi mwa Maranta, tarehe 25 Machi 1953, sikukuu ya Kupashwa Habari Maria, Dar es Salaam ikawa Jimbo Kuu.

Katika siku zake hizo kilima cha Pugu, kilichokuwa majivu, kilikuwa na shule iliyosifika nchi nzima, Chuo cha Mtakatifu Fransisko. Hapo alifundisha Mwalimu Julius Nyerere aliporudi toka masomoni Scotland, hata alipojiuzulu mwaka 1955 ili awe mtu wa siasa kwa siku zake zote. Barabara ile iitwayo sasa kwa jina lake ndiyo aliyokuwa akiifuata kushuka mjini. Wapita humo kila siku, mama, pengine umesimama kwa kukosa kiti.

Kisha ukaja mwaka 1968, na Laurean Kardinali Rugambwa akahamishwa toka Bukoba. Alikuwa amezaliwa mwaka 1912 katika nchi ya Kagera, na mwaka 1960 Baba Mtakatifu Yohane wa Ishirini na Tatu alikuwa amemfanya Mwafrika wa kwanza wa nyakati hizi kuvaa kofia nyekundu. Kwa mara ya kwanza aliyeketi katika kiti cha bandarini alikuwa mtoto wa nchi. Wazee watuambia ya kuwa wako waliolia siku ya kumpokea, na si wote waliolia kwa furaha. Wengine walikuwa wakiwakumbuka waliokufa kabla ya kuiona. Twakumbuka jinsi Ezra aandikavyo juu ya msingi wa hekalu la pili, jinsi vijana walivyopiga vigelegele na wazee wakalia, hata watu wasiweze kuzipambanua sauti. Alimfuata Polycarp Kardinali Pengo toka 1992 hadi 2019, na mwaka huo akashika Askofu Mkuu Jude Thaddaeus Ruwa'ichi, naye ni Mkapuchini.

Wabenediktini, Wakapuchini, mapadre wa majimbo. Mtirol, Waswisi, Mhaya, Mfipa, Mchaga. Wote waliingia katika nyumba ile na sanduku lao, na aliyetoka hakutoka na hata dirisha. Hapo ndipo ilipo nguvu ya jambo tunalotaka kusema. Nyumba ya Askofu si ya askofu. Kama ingalikuwa yake, warithi wake wa damu wangaligawana vyumba zamani.

Na kiti chenyewe ni nini? Kanisa kuu huitwa katedrali kwa ajili ya kitu kimoja tu kilichomo, yaani kathedra, kiti cha Askofu. Ukubwa wa jengo haulifanyi kuwa kanisa kuu, wala mnara, wala uzee. Ukikiondoa kiti, labaki kanisa zuri la parokia. Ukikiweka chini ya mwembe, hapo chini ya mwembe pana kanisa kuu. Katika kiti hicho Askofu hufundisha, si kwa akili zake, bali kwa imani aliyoipokea kwa mnyororo ushikao Mitume. Humo mapadre hupewa daraja na kutumwa. Padre wako wa Gongo la Mboto hakujituma mwenyewe, wala wewe hukumwajiri. Alikuja kwako kwa sababu alipiga magoti mbele ya Askofu, akawekewa mikono, kisha akaandikiwa barua. Barua hiyo iliandikwa katika nyumba ambayo mlango wake hujapata kuuona. Humo pia huamuliwa mambo ya ndoa zilizokwama, ambazo kila familia yenye binti wazijua zilivyo na uchungu. Humo hupangwa ni kigango gani kiwe parokia na ni kipi kingoje. Kuta zile zikinyamaza mwezi mmoja, Gongo la Mboto itajua.

Tusiseme upande mmoja tu. Nyumba ya Askofu nayo ina deni. Sheria ya Kanisa yamdai kila Askofu alizuru jimbo lake hata alimalize lote walau mara moja kila miaka 5, na amri hiyo haikuandikwa kwa ajili ya parokia zilizo kando ya lami peke yake. Katika miaka yetu hii mji wa Dar es Salaam umekimbia kuliko mapadre. Watu wamejenga hadi Chanika na zaidi, na mahali palipokuwa pori la korosho jana, leo pana jumuiya tatu zisalizo rozari barazani. Kanisa lililozaliwa kilimani, likashuka bandarini, yalipasa kupanda tena. Twasema hivi kwa heshima, nasi twajua ya kuwa wenye kiti wayajua kuliko sisi.

Na si kwamba hawajapanda. Pale Ukonga ipo hospitali ya jimbo iitwayo kwa jina la Kardinali Rugambwa, na wangapi wa Gongo la Mboto wamezalia humo? Segerea ipo seminari kuu ya Mtakatifu Karoli Lwanga, ambako vijana wa majimbo mengi ya nchi hii wanatengenezwa wawe mapadre. Pugu yenyewe pana kituo cha hija, na mahujaji hupanda kwa miguu wakiimba. Mengi ya hayo yamejengwa kwa senti za akina mama wa namna ya yule aliyeuliza, ambao wengine hawakupata kuiona hospitali ikiisha.

Usiku wa tarehe 16 Februari 2011, ghala za silaha za jeshi zilipolipuka Gongo la Mboto, watu zaidi ya 20 walikufa, nyumba zikabomoka, na maelfu walikimbia gizani wakiwabeba watoto, wengine wakafika hata uwanja wa mpira mjini wakalala majanini. Twakumbuka tulivyoogopa sote. Watu wa Gongo la Mboto walirudi, wakafagia vioo, wakajenga tena. Ni kilima kile kile kilichoona moto mwaka 1889. Hatusemi mambo hayo mawili ni sawa; twasema tu ya kuwa watu wa pale hawana haja ya kufundishwa na mtu wa mjini maana ya kuanza tena katika majivu. Wao ndio wangeweza kuwafundisha watu wa bandarini kanisa lao lilivyoanza.

Limebaki jambo moja, nasi tuliliacha la mwisho kwa kuwa yule mama alilipokea vizuri kuliko mengine yote. Kila mwaka karibu na Pasaka Askofu huadhimisha Misa ya Krisma pamoja na mapadre wake wote. Hubariki mafuta ya wakatekumeni na ya wagonjwa, kisha huyachanganya mafuta ya zeituni na zeri yenye harufu nzuri, akayapulizia, akayaweka wakfu yawe Krisma. Hakuna mwingine katika jimbo aliye na haki ya kuyaweka wakfu siku ile ila yeye. Baada ya Misa mapadre hugawana, kila mmoja chupa zake. Chupa hizo huondoka mjini jioni kwa njia mbalimbali, nyingine katika gari la parokia, nyingine, tumeona kwa macho yetu, mapajani mwa padre kijana ndani ya basi lililojaa, amezikumbatia kama mayai.

Usiku wa Pasaka mtoto wa Gongo la Mboto akitolewa majini, padre humpaka utosini mafuta hayo. Akiugua mzee kitandani, mafuta yaliyobarikiwa siku hiyo hiyo humfikia kipajini na viganjani. Wewe hujafika kwenye nyumba ya Askofu, mama, lakini Askofu amefika utosini mwa wajukuu wako wote.

Tulimweleza hayo siku ile ile, kwa ufupi kuliko tulivyoyaandika hapa. Alikaa kimya, akafungua pindo la kanga yake, akatoa mchango, akahesabu mara mbili mbele ya mhazini, akadai aandikiwe stakabadhi. Kisha akatugeukia akauliza, Baba Askofu atapanda lini huku kutoa Kipaimara, maana watoto wamekwisha kujifunza na yeye angependa ampikie. Swali hilo tumelichukua, na juma hili tumelifikisha mlangoni bandarini.